Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wanafunzi Waandike Wenyewe

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu na ndugu wanachama, katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati ijaribu jambo moja: wanafunzi wa Kiswahili wasome ngano za Kigiriki kwa kuziandikia michezo ya kuigiza. Kazi imefanyika hapa Pemba, katika skuli za Wete, Konde, Chake Chake na Mkoani zilizokubali kushiriki. Mambo mengine ya chama nitayapitia kwa ufupi, kwa sababu mhazini na katibu watayaeleza kwa upana. Hili la michezo nataka nilikalie, maana ndilo lililotuchukulia nguvu zetu nyingi na ndilo lenye uamuzi mbele yenu leo.

Tulichagua hadithi mbili. Wanafunzi wa vidato vya kwanza na vya pili walipewa Penelope, mke wa Odysseus mfalme wa Ithaca, aliyekaa miaka 20 bila ya mume: 10 ya vita vya Troy, na 10 ya kuhangaika baharini akirudi. Wa vidato vya tatu na vya nne walipewa Antigone, ambaye Sophocles alimwandikia tamthilia kule Athens katika karne ya 5 KK. Walimu wengi walianzia karibu na nyumbani, kwa ule mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK, unaotaja kisiwa cha Menouthias katika mwambao wetu. Wataalamu hawajakubaliana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mwandishi anaeleza kisiwa cha chini chenye miti mingi, mitumbwi, vyombo vilivyoshonwa, na watu wanaotega kwa mitego ya kusuka kwenye mikondo ya maji. Watoto wa wavuvi waliposomewa hapo walisema papo hapo kwamba hayo ni madema. Baada ya hapo Wagiriki hawakuwa wageni tena darasani.

Nianze na Penelope. Wachumba wamejaa nyumbani kwake, wanakula mali ya mumewe na kumtaka achague mmoja wao. Yeye anawaambia atachagua akimaliza kufuma sanda ya mkwewe, mzee Laertes. Mchana anafuma, usiku anafumua, na kwa miaka mitatu hawakumgundua. Katika skuli moja ya Wete darasa liligawanyika. Wapo waliotaka Penelope asuke ukili wa mkeka, kwa kuwa kufuma nguo hawajakuona na kufumua ukili wanakujua vizuri sana. Wengine walishikilia sanda. Mwalimu hakuamua. Aliwaambia kila upande uandike onyesho lake, kisha usome mbele ya wenzao.

Wa mkeka walikwama pale mchumba anapouliza: "Kwa nini tukusubiri?" Hawakupata jibu. Mkeka unaweza kuwekwa kando, na mwengine ukanunuliwa sokoni. Sanda ya mkwe nani atathubutu kuikatiza? Kwa Homer mwenyewe, mshairi wa Kigiriki aliyeisimulia hadithi hii, Penelope anasema wanawake wa mji watamlaumu iwapo mzee mwenye mali kama yule atalala bila ya sanda. Hapo msichana mmoja akasema bibi yake anayo sanda aliyokuja nayo kutoka Makka alipokwenda kuhiji, imo sandukuni, na nyumba nzima hakuna anayeligusa lile sanduku. Darasa likaandika upya, na Penelope akapewa maneno haya: "Mkwe wangu yu hai, na sanda yake haijesha. Nani kati yenu atakayesimama mbele ya watu aseme aliniharakisha?" Wachumba wote wakanyamaza, na hata wanafunzi waliokuwa wakiwaigiza walikosa la kuongeza. Mwalimu angeweza kuwaeleza sababu ya sanda kwa sentensi moja, nao wakainakili. Lakini wameitafuta wenyewe, na nina hakika hawataisahau.

Kwa Antigone hali ilikuwa nyengine. Mfalme Creon amepiga marufuku Polyneices asizikwe. Dada yake, Antigone, anakwenda kummwagia mchanga, na anakamatwa. Watoto wetu hawakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, maana wanajua kumzika maiti ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima. Tatizo lilikuwa kwamba wote walikuwa upande wa Antigone, na Creon akabaki mtu wa kupiga makelele tu. Mwalimu mmoja wa Chake Chake aliwachagua wale waliomchukia Creon zaidi, akawapa kazi ya kumwandikia hotuba yake. Iliwabidi warudi kwenye hadithi: mji umetoka vitani jana, ndugu wawili wameuana, na huyu Polyneices alileta jeshi la kigeni kuushambulia mji wake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja akaandika: "Nikiwazika wote wawili sawasawa, nitamwambia nini mama aliyempoteza mwanawe akiulinda ukuta huu?" Walipolisikia hilo, waliomwandikia Antigone walilazimika kurudi kumtafutia hoja nzito zaidi. Kwangu mimi hilo lilikuwa somo bora la utungaji nililoliona mwaka huu.

Kanuni mbili za Wagiriki zilitusaidia sana. Mwanafalsafa Aristotle anaeleza kwamba Aeschylus, mtunzi mwengine wa tamthilia, ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili na Sophocles akaongeza wa tatu. Tukaweka sharti: katika onyesho lolote wasizungumze zaidi ya watu watatu, mbali na waitikiaji, yaani lile kundi linalosema au kuimba kwa pamoja. Kabla ya sharti hilo tulikuwa tunaletewa maonyesho ya watu wanane, kila mmoja na sentensi yake moja, na hakuna anayemjibu mwenziwe. Kanuni ya pili ni ile ya mambo makubwa kutokea nje ya jukwaa, kisha mtu akaja kuyasimulia. Mlinzi anapomweleza Creon namna walivyomkamata Antigone, anasimulia jua la adhuhuri, kimbunga cha vumbi, wao wakafumba macho, walipofumbua wakamwona msichana analia kama ndege aliyekuta tundu lake tupu. Hapo mwanafunzi anaitumia -ka- ya masimulizi mfululizo kwa sababu anaihitaji, na mwalimu anayesahihisha anaona mara moja nani anaimudu na nani bado.

Waitikiaji wa Sophocles ni wazee wa mji wa Thebes, na wanafunzi wa Konde waliwakalisha barzani bila ya kuambiwa. Wakawapa Kipemba. Baadhi yenu mliandika kulalamika, na kamati imezisoma barua zenu kwa heshima. Maoni yangu ni kwamba Creon na azungumze Kiswahili sanifu, wazee na mlinzi wazungumze kama watu wanavyozungumza hapa. Mwanafunzi anayejua lini abadilishe amezimudu lugha zote mbili, na mtihani hautampoteza.

Suala la miungu ya Kigiriki lilihitaji hekima. Wazazi waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza. Tulikaa nao pamoja na walimu wa dini, na makubaliano yalikuwa mepesi kuliko tulivyodhani: kila mchezo uanze na mtambaji akitangaza kuwa hizi ni ngano za watu wa kale, na asiwepo mwanafunzi anayeigiza mungu. Kwa Antigone hilo halikupunguza chochote, kwa kuwa hata katika tamthilia yenyewe hakuna mungu anayetokea jukwaani. Kwa Penelope tulimwacha nje Athena, mungu wao wa kike. Mzazi mmoja aliyesoma vitabu vya Kiarabu alitukumbusha kwamba Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu, alikishereheshea kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi na maigizo, na kikao kikamalizika kwa mazungumzo matamu. Pia tulikubaliana mchezo ukomee pale Antigone anapopelekwa pangoni. Mauti yanayofuata ni ya watu kujiua, na hayo hatukuona yanafaa kuigizwa na watoto.

Muda ndio uliotutesa. Asubuhi ni masomo, mchana wengi wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na msimu wa karafuu ulipofika baadhi ya madarasa yalibaki nusu. Skuli zilizofanikiwa zilifanya kazi ya kuandika ndani ya vipindi vya kawaida na kuacha mazoezi tu kwa baada ya alasiri. Mavazi hayakugharimu: kanga, shuka na majamvi yalitosha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika onyesho la pamoja, baadhi ya miswada ilikuwa imeandikwa na watu wazima. Sitataja skuli, na hakuna haja. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, chenye methali kila mstari, na watoto waliikariri bila ya kosa. Nilimuuliza mmoja kwa nini Ismene anakataa kumsaidia dada yake, Antigone. Alinitajia mstari wake wa kwanza, kisha akanyamaza. Mtoto yule amenyimwa kitu ambacho mwenzake wa Wete alikipata kwa kubishana juu ya mkeka na sanda. Naelewa hamu ya kushinda, na najua walimu wakuu wanapenda skuli zao zisifiwe mbele ya wageni. Lakini chama hiki ni cha walimu wa lugha, na mchezo usioandikwa na mwanafunzi hauwezi kutuambia lolote kuhusu lugha yake.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, mchezo wowote utakaoletwa kwenye onyesho la mwakani uambatane na madaftari ya rasimu, kwa mwandiko wa wanafunzi, pamoja na masahihisho ya mwalimu. Mistari mibovu ya mwanzo tunaitaka tuione. Pili, zawadi ya kwanza itolewe kwa mswada, na ya uigizaji iwe ya pili.

Kuhusu mengine: ada zimekusanywa vizuri zaidi huku Kaskazini kuliko Kusini, na mhazini atatoa hesabu kamili. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, tuliiadhimisha kwa usomaji wa mashairi Chake Chake. Nafasi mbili za kamati ziko wazi, na nawaomba walimu vijana wajitokeze.

Naomba mkutano uyajadili mapendekezo haya na kuyapigia kura kabla ya adhuhuri, kwa sababu wageni wetu kutoka Unguja wana boti ya kuiwahi Mkoani.