Malalamiko: pete ya kung'atia iliyopasuka mdomoni mwa mtoto, na majibu niliyopewa

Kwa Meneja Mkuu,
Nakala: Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu nazileta kwa heshima, ingawa heshima yenyewe kwa sasa naitafuta kwa taabu. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuyarudia. Namba ya oda na picha za ufa mnazo tangu barua pepe yangu ya kwanza, ile iliyojibiwa na mashine.

Naanza na simu. Nilimweleza mhudumu wenu kwamba pete yenu, ile yenye kimiminika ndani anayong'ata mtoto anayeota meno, imepasuka na mtoto amemeza kilichokuwa ndani. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mtoto wako wa kwanza?" Nikasema ndiyo. Akacheka. Akasema, "Maji tu hayo, hayajaua mtu."

Kama ni maji tu, mbona boksi halisemi ni maji? Limeandikwa "kimiminika salama", basi. Hospitalini, muuguzi aliniuliza swali moja tu la maana: mtoto amemeza nini? Nikampa boksi. Alilisoma mbele na nyuma, akaligeuza akatazama chini, akanirudishia bila kusema neno. Mngekuwepo mkauona uso wake.

Ufa uko pale pande mbili za plastiki zilipounganishwa, mwembamba kama uzi. Ukiibinya pete kwa dole gumba unafunguka, tone linachomoza, nalo lina harufu ya maji yaliyolala. Aliyeufungua ni mtoto wa miezi 7 mwenye meno mawili ya chini, tena ndiyo kwanza yanachungulia. Kifaa cha kung'atwa kisichostahimili kung'atwa mnakiuza cha nini? Na maji yaliyofungiwa ndani muda mrefu yanaweza kuwa na bakteria. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Mtasema wazazi tuwe makini tunapochagua. Nilikuwa makini. Zile za mbao zenye shanga niliziacha, maana kamba ikikatika shanga ni ya kumkaba mtoto koo. Najua pia kwamba kitu chochote kinachotumbukia kwenye ile silinda ya kupimia vitu vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto, yenye kipenyo cha milimita 31.7, hakifai kupewa mtoto wa chini ya miaka 3. Yenu niliichukua kwa sababu ni kubwa, ni kipande kimoja, na boksi linajisifu kwamba haina BPA, ile kemikali ya kwenye plastiki. Boksi hilohilo linaelekeza pete iwekwe kwenye friza! Madaktari wa watoto wanashauri kifaa kipoe kwenye friji tu, kwa sababu kikiganda kinaumiza ufizi badala ya kuutuliza. Nani aliyewaandikia maelekezo hayo?

Baadaye mkanitumia kifurushi "cha kuniliwaza". Ndani mna jeli ya ufizi yenye benzokaini, dawa ya ganzi, na mkufu wa kaharabu wa kumvalisha mtoto anayeota meno. Nilikaa nikavitazama. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 kwamba dawa za ufizi zenye benzokaini asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni inavyotakiwa. Mwaka huohuo ikaonya kuhusu mikufu ya watoto wanaoota meno, baada ya kupata taarifa ya mtoto wa miezi 18 aliyenyongwa na mkufu wake wa kaharabu akiwa usingizini, akafa. Ama hamsomi, ama mnasoma na mnauza hivyohivyo.

Narudi kwenye ile simu, kwa sababu barua pepe yenu imeiita "kutoelewana kidogo". Tulielewana vizuri sana. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, mtoto begani anatapika, udenda na matapishi vinanishukia mgongoni. Kabla hajanijibu, mhudumu wenu alifunika simu, akaifunika vibaya, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Mwingine huyu, mtoto kang'ata pete." Wakacheka wote wawili. Ndipo akarudi na sauti laini: "Mama, huyu ni mtoto wako wa kwanza?" Nikamjibu kwa adabu, nikidhani anajaza fomu. Kumbe anatafuta pa kunichekea. "Maji tu hayo, hayajaua mtu." Kisha, bila haya, akaniomba niitathmini huduma yake kwa nyota, 1 hadi 5.

Kwa hiyo si mimi wa kwanza kuwapigia. Mnajua zinapasuka, na bado mnaziuza.

Mwenzake mwingine akaniandikia kwamba homa aliyoipata mtoto ni "kawaida ya meno". Homa ikizidi nyuzi 38 si ya meno, na daktari alinieleza hivyo mbele ya kipimajoto. Mtoto amepona, namshukuru Mungu. Nyinyi hamkuuliza.

Mwanzoni nilitaka kurudishiwa pesa yangu tu, yaishe. Hayataisha hivyo tena. Nataka pesa hiyo pamoja na gharama zote za hospitali. Nataka maandishi yenye sahihi yanayotaja kila kilichomo kwenye hicho kimiminika. Nataka pete za aina hiyo ziondolewe sokoni na walionunua waarifiwe. Radhi naitaka pia, na isiwe ya yule kijana peke yake. Mniombe nyinyi mliomkalisha kwenye simu.

Nawapa siku 7. Zikipita, pete na boksi lake, nilivyovifunga kwenye mfuko na kuvihifadhi, vitakwenda kwa mamlaka ya viwango na kwa watetezi wa walaji, pamoja na maelezo ya daktari. Picha za ufa zitakwenda kwenye kila kundi la akina mama nililomo, nami nimo kwenye mengi. Mkinyamaza, tutaonana mahakamani.

Jeli na mkufu nawarudishia pamoja na barua hii. Gharama ya kutuma ni juu yenu.

Wenu,
Mzazi na mteja