Idi Mubarak, na swali alilokuwa akiuliza kaka

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mlio mbali. Mwezi umeandama, na Mola aliyetufikisha mwanzo wa Ramadhani ametufikisha na mwisho wake. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Azikubali funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, atusamehe tulipoteleza, na aturudishie mwezi huu mwakani tukiwa hai na wazima wa afya. Amin.

Si wote waliofunga nasi mwaka jana walioufikia mwezi huu. Mwaka umekuwa mzito: maisha yamepanda, kazi zimeadimika, na kwetu sisi umemchukua kaka yetu mkubwa, mwezi wa Rajabu, mapafu yakiwa yameshamchoka. Mlikuja msibani, mkakesha nasi, mkasoma hitima. Allah awalipe. Kila aliyetupa mkono alisema yaleyale, kwamba ilikwishaandikwa, siku yake ilifika, na jitihada haiondoi kudura. Niliitikia, na naamini hivyo hadi leo. Ila kuna jambo kaka alikuwa akiliuliza kila Ramadhani, na safari hii, bila yeye, limenikaa kichwani tangu tarawehe ya kwanza.

Kaka alivuta sigara tangu ujana. Mwezi wa kufunga, alfajiri mpaka magharibi, hakugusa hata moja, wala hakuwa mtu wa kununa. Adhana ikimalizika tu, funda moja la maji, kisha kiberiti. Halafu hucheka: "Mtu ni yuleyule, kifua kilekile, uchu uleule. Mchana naweza, usiku siwezi. Sasa anayeweza ni nani?" Tulikuwa tukicheka naye. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Wenye vichwa kutushinda nao hawakuafikiana kama mtu anatenda kwa hiari yake au anaendeshwa. Mwanafalsafa Spinoza aliandika katika barua ya mwaka 1674 kwamba jiwe lililorushwa, lau lingepewa akili likiwa hewani, lingedhani linakwenda kwa hiari yake. Na ndivyo tulivyo sisi, tunayajua matamanio yetu, hatuzijui sababu zilizoyazaa. Katika umma wetu, mwanachuoni wa kale Jahm bin Safwan alimvua mja kila uwezo, akasema vitendo vinanasibishwa naye kama tunavyosema mti umezaa au jua limechwa. Muutazila, kundi la wanachuoni walioshikilia hiari ya mja, wakapinga: Mungu mwadilifu hamwadhibu mtu kwa asilolitenda mwenyewe. Akaja Abul Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa na Muutazila kisha akawaacha, akasema kitendo anakiumba Mungu na mja anakichuma. Wanafunzi wa madrasa wakifika kwenye kuchuma huko hukunja uso, na siwalaumu.

Wanasayansi nao wameingia. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao: watu waliombwa wakunje mkono wakati wowote wapendao, huku wakitazama saa na kukumbuka ni lini walihisi nia ya kuukunja. Ubongo ulionekana kuanza kujiandaa takriban nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali nia yenyewe waliihisi karibu sana na kitendo, kama sehemu ya tano ya sekunde kabla yake. Wengi wakashangilia: kesi imekwisha, binadamu anaendeshwa. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakatoa tafsiri nyingine, kwamba yale maandalizi huenda ni msukosuko wa kawaida wa ubongo unaojikusanya mpaka ukavuka kizingiti, wala si uamuzi uliokwishapita. Mabishano yanaendelea. Lakini lililonishika ni neno la Libet mwenyewe, ambaye hakukubali kwamba hiari imekufa. Alishikilia kuwa katika ule muda mchache uliobaki mtu bado anaweza kuzuia.

Kuzuia. Na saumu ni nini kama si kuzuia? Hatukuamrishwa tusione kiu, wala tusihisi njaa, wala tusikasirike. Hayo huja yenyewe, kwa maumbile, kwa damu ya wazazi, kwa mazoea ya miaka. Tumeamrishwa tuyaambie la. Hapo ndipo ninapouona uhuru wa mja: haba, tena hauwezi kusimama peke yake. La ya kaka ya mchana ilikuwa na wasaidizi: nia aliyoitia usiku, nyumba nzima iliyofunga pamoja naye, adhana yenye saa yake inayojulikana. Usiku alibaki yeye na kiberiti chake. Kifua ni kilekile kweli, lakini mchana hakuwa peke yake. Nadhani hilo ndilo jibu, kaka, nami nimelipata wewe haupo.

Sisemi hivi kuikana kudura. Khalifa Omar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham aliambiwa akiwa Sargh kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wa jeshi lililokuwa Sham, akamuuliza: unaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu? Omar akajibu: naam, tunaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kudura ya Mwenyezi Mungu. Akamtajia bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu. Popote utakapowalisha ngamia wako, si kwa kudura? Abu Ubayda akarudi kwa jeshi lake, na tauni hiyo, ya Amwas, ikamuua mwaka 18 Hijria. Imani yao ilikuwa moja, njia zikawa mbili, na wote wawili tunawatakia radhi za Mola.

Basi, ndugu zangu, tusiifanye kudura kichaka cha kujifichia. Anayempiga mkewe kisha akasema hasira ni za ukoo wao, mbona mbele ya mkubwa wake wa kazi ukoo haumjii? Anayekula amana za watu akasema shetani alimpitia, na huu ndio mwezi tulioambiwa mashetani wamefungwa minyororo, alipitiwa na nani? Mwenyezi Mungu amesema hayabadilishi yaliyo kwa watu mpaka wabadilishe yaliyo nafsini mwao. Hakusema mpaka wabadilishiwe. Lakini pia amesema haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wa jirani yako wewe huujui. Sisi tuna mtindo mbaya: tukikosea wenyewe tunataja kudura, wakikosea wenzetu tunataja hiari. Tugeuze. Nafsi yako ihesabu kwa hiari, mwenzako mhesabie na mzigo aliozaliwa nao, na aliotwishwa, na usioonekana. Na ukimwona anapambana na pombe, na kamari, na ulimi, na deni, usimwambie "jikaze" ukaenda zako. Kaa naye usiku wake. Mpigie simu saa ile inayomshinda. Mchana kila mtu ana jamaa wa kufunga nao; msikiti umejaa, nyumba imejaa, hata mwenye imani haba huona haya. Shawwal imeingia, safu zitapungua, na hapo ndipo watu huachwa. Tusiachane.

Kwa watoto wa kaka: wanangu, mtasikia watu wakisema baba yenu alishindwa na sigara. Mimi nilimwona akizishinda mwezi mzima, mwaka baada ya mwaka, kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Mwombeeni, nami namwombea. Allah amrehemu, amsamehe, aliangaze kaburi lake, na awarehemu wazee wetu na maiti wetu wote. Wagonjwa awaponye, wenye madeni awalipie, wasafiri awafikishe, wanaotafuta riziki awafungulie, wanaotaka watoto awaruzuku walio wema.

Idi Mubarak kwenu nyote, kullu am wa antum bikhair. Idi mosi tupo nyumbani, mlango uko wazi. Idi pili tutajaribu kuwapitia wazee. Tutakaoshindwa kuwafikia mtuwie radhi, tutapiga simu inshallah.