Risala ya Washiriki wa Warsha ya Utafiti wa Ujifunzaji Shirikishi kwa Msaada wa Kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wasimamizi wa tafiti, walimu, wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga warsha yetu. Umekabidhiwa dhamana ya kuamua ni tafiti zipi zipate fedha, kwa hiyo tumeona risala hii iende moja kwa moja kwenye jambo linalotusumbua, nalo ni namna ubora wa ushirikiano unavyopimwa.

Tunachokichunguza ni wanafunzi wawili au zaidi wanaofikiria tatizo moja kwa pamoja, kompyuta ikiwa kiungo chao: gumzo la maandishi, ubao wa pamoja, hati inayohaririwa na wote, au mazungumzo ya video. Wanafunzi kumi waliokaa chumba kimoja, kila mmoja akijibu maswali kwenye mashine yake, hawamo, ingawa ripoti nyingi huwaingiza. Uwanja huu una umri wa kutosha. Warsha ya watafiti wake huko Maratea, Italia, ilifanyika mwaka 1989, mkutano wa kwanza wa kimataifa ukafuata mwaka 1995 huko Bloomington, Marekani, na jarida lake la kimataifa likaanza mwaka 2006. Hata hivyo, bado tunapokea andiko baada ya andiko linalopima ushirikiano kwa kuhesabu ujumbe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kuhesabu kunavutia kwa sababu programu hukupa namba bila jasho. Kikundi cha watu wanne kilichotuma ujumbe 60, kila mmoja 15, kinaonekana kimeshirikiana kwa usawa kabisa. Ukifungua mazungumzo yenyewe unaweza kukuta mmoja ameleta hoja 15 na wenzake wameandika "sawa" mara 45. Kupima kazi ya mwisho nako hakutoshi, maana insha nzuri ya kikundi inaweza kuwa imeandikwa na mtu mmoja usiku wa mwisho, na kikundi kilichobishana vizuri kinaweza kuishiwa muda kabla ya kuandika.

Watafiti Roschelle na Teasley, mwaka 1995, waliuelezea ushirikiano kuwa ni juhudi inayoendelea ya kujenga na kudumisha uelewa wa pamoja wa tatizo. Maelezo hayo yanamtaka mtafiti atazame mwenendo wa mazungumzo, hatua kwa hatua. Mwaka 2007 Meier, Spada na Rummel walitoa mizani ya vipengele tisa: kudumisha uelewano, kuendesha mazungumzo, kukusanya taarifa, kufikia mwafaka, kugawana kazi, kusimamia muda, kuratibu matumizi ya vifaa, kuheshimiana kama watu walio sawa, na bidii ya kila mmoja katika kazi. Kipengele cha mwisho hupewa alama kwa kila mtu peke yake.

Kati ya hivyo tisa, kukusanya taarifa ndiko kunakoangusha vikundi vingi, tena kimyakimya. Stasser na Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba vikundi huelekea kujadili yale ambayo kila mmoja tayari anayajua, huku taarifa iliyo mikononi mwa mtu mmoja ikibaki haijasemwa. Kwenye gumzo la maandishi hali hiyo ni rahisi kutokea, kwani kuchapa kuna gharama yake, na ujumbe usiojibiwa husukumwa juu ya kioo ukapotea. Mtafiti anayetaka kulikamata tatizo hili hana budi kujua kabla ya kikao nani amepewa taarifa gani, kisha afuatilie kila taarifa: ilitajwa? Ilijibiwa? Iliingia katika uamuzi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Turuhusu tukae kidogo kwenye usimbaji, yaani kukipa kila kipande cha mazungumzo alama (msimbo) ya aina yake, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kwanza mazungumzo hukatwa vipande, na ukubwa wa kipande huamuliwa mapema: ujumbe mzima, sentensi, au wazo moja. Ujumbe mmoja unaweza kubeba pingamizi na swali pamoja, kwa hiyo anayesimba ujumbe mzima atalazimika kutupa kimojawapo. Pili, kitabu cha misimbo huandikwa, kila msimbo ukiwa na maana yake, mfano wa kinachoingia, na mfano wa kinachofanana nacho lakini hakiingii. Mfano huu wa pili ndio unaosahaulika, na ndio unaomaliza ubishi. Tatu, wasimbaji wawili hufanya mazoezi kwa data ambayo haitatumika kwenye matokeo. Nne, kila mmoja husimba peke yake bila kujua kikundi kipi kilipata msaada gani, kisha ndipo makubaliano yao hupimwa.

Katika kupima makubaliano, asilimia hudanganya. Chukua vipande 200 na misimbo miwili tu, "hoja" na "si hoja". Kila msimbaji amevipa vipande 170 msimbo wa "si hoja", na wamekubaliana kwenye vipande 180. Hiyo ni asilimia 90, na wengi wangeandika hivyo wakalala. Lakini kwa mgawanyo huo, bahati peke yake ingewakubalisha kwa asilimia 74.5. Kappa ya Cohen, kipimo cha mwaka 1960 kinachoondoa sehemu ya bahati, inatoa takriban 0.61. Ukitazama ndani unaona kwamba kila msimbaji aliona hoja 30, ila ni 20 tu walizoziona wote wawili. Msimbo adimu ndio wenye thamani kwetu, nao ndio uliopimwa vibaya. Isitoshe, wasimbaji hupotoka kadiri wiki zinavyopita. Ni lazima wapimwe tena katikati ya kazi, maana kipimo cha siku ya kwanza hakisemi lolote kuhusu kipande cha elfu mbili.

Kosa la pili kwa uzito liko kwenye takwimu. Wanafunzi wa kikundi kimoja huathiriana, kwa hiyo alama zao hufanana, na majaribio ya kawaida ya takwimu hudhani kila mtu anajitegemea. Tuseme wapo wanafunzi 120 katika vikundi 30 vya watu wanne, na uwiano wa ndani ya kikundi, yaani kiwango cha alama za wanakikundi kufanana, ni 0.3. Zidisha 0.3 kwa 3 (watu wa kikundi ukitoa mmoja), ongeza 1, unapata 1.9. Gawa 120 kwa 1.9 na utabaki na nguvu ya takwimu ya watu kama 63. Mtafiti asiyefanya hesabu hiyo hutangaza tofauti ambazo hazipo. Dawa yake ni uchanganuzi wa ngazi nyingi, unaotenganisha athari ya kikundi na ya mtu mmoja mmoja, nao unadai vikundi vingi. Kuongeza watu ndani ya vikundi vichache hakusaidii sana.

Kuhusu miongozo inayowapangia wanafunzi nani aulize na nani apinge, tutasema machache. Inasaidia, hasa kwa wasiozoea kujenga hoja, lakini Dillenbourg alionya mwaka 2002 kwamba mwongozo uliobana mno huua mazungumzo ya asili. Tunashauri kila jaribio la mwongozo lifuatwe na kipindi ambacho mwongozo umeondolewa, tena kila mwanafunzi apewe mtihani wake peke yake. Bila hivyo hatujui kama mwanafunzi amejifunza kubishana au ametii maelekezo ya kioo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunayo maombi matatu. La kwanza, kila bajeti ya utafiti wa aina hii iwe na fungu la msimbaji wa pili na la mazoezi yake. Mara nyingi fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa, na likikatwa matokeo hayana tena kipimo cha kuaminika. La pili, kabla ya kununua programu yoyote ya kufundishia, mkataba uhakikishe kwamba mtafiti anaweza kuchukua kumbukumbu kamili: nani aliandika nini, saa na sekunde ngapi, na nini kilifutwa. Programu inayotoa jumla ya ujumbe pekee haitufai, hata ikiwa ya bure.

La tatu ni ridhaa. Katika kikundi cha wanne, mmoja akikataa data zake zitumike, maneno ya wenzake watatu yanabaki majibu yasiyo na maswali, na rekodi nzima haina kazi. Tunaomba kanuni za maadili ziruhusu ridhaa kuombwa kabla ya kupanga vikundi, ili waliokataa wapangwe pamoja na wasome somo lilelile bila kurekodiwa wala kupungukiwa chochote.

Tunaomba kuwasilisha.