Mshipa wa mtoto hautafutwi kwa sindano

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia umehamishiwa wodi ya watoto, ingawa unasema kanula, ile mirija midogo ya plastiki yenye sindano ya chuma ndani, ya kupitishia maji na dawa mshipani, zinakunyima raha. Umeuliza kwa nini mkono uliozoea watu wazima unaukosa mshipa wa mtoto wa miezi minane. Acha nikujibu kwa urefu.

Mtoto wa kati ya miezi minne na miaka miwili ndiye mgumu kuliko wote, mara nyingi kumshinda hata kichanga. Kichanga ngozi yake ni nyembamba, mishipa unaiona. Huyu wa miezi minane mgongo wa kiganja chake umejaa mafuta, penye vifundo vya vidole pana vibonyo. Akiharisha siku mbili maji ya mwili yanapungua, na mwili unaibana mishipa ya mikono na miguu ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo. Akipata na baridi ya chumba, ndiyo kabisa. Mtoto anayeihitaji dripu zaidi ndiye ambaye mishipa yake imejificha zaidi, kwa hiyo usidhani mkono wako umeharibika.

Swali la kwanza liwe kama anaihitaji kweli. Artesuneti, dawa ya malaria kali, inaweza kuingia kwenye msuli wa paja, na jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, vilevile. Anayeharisha lakini bado anakunywa, mpe ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko. Mwenye utapiamlo mkali ambaye hayuko kwenye mshtuko (hali ya damu kutozunguka vya kutosha mwilini) usimwekee dripu, moyo wake hauwezi kuubeba mzigo huo. Kila mshipa unaouharibu bila sababu leo, utautafuta kesho akizidiwa.

Ikiwa anaihitaji, tumia dakika tano kutafuta kabla hujafungua kanula. Tazama mikono yote miwili na miguu yote miwili. Anzia mgongo wa kiganja, kati ya kidole cha nne na cha mwisho, kisha upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono. Mguuni upo mshipa ninaotaka uujue hata ukiwa umefumba macho: unapita mbele kidogo ya kile kifundo cha mfupa cha upande wa ndani. Mara nyingi hauonekani, lakini uko palepale, na kidole kikizoea kinausikia kama uzi laini unaobonyea na kurudi. Sehemu ya ndani ya kiwiko iache akiba, maana mtoto akikunja mkono dripu inasimama. Kichwani mishipa ni mizuri kwa wachanga, ila papasa kwanza: kinachodunda ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kiache. Na kwa mtoto wa siku chache ambaye kitovu bado kibichi, mshipa wa kitovu unaweza kumwokoa, kama yupo aliyefundishwa kuutumia.

Mkono ukiwa wa baridi, uzungushie kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, ukikijaribu kwanza kwenye ngozi yako. Ukizima taa na kuweka tochi ndogo chini ya kiganja cha mtoto, mshipa huonekana kama mstari mweusi kwenye nyama nyekundu. Usiache tochi igande pale, ngozi ya kichanga huungua upesi.

Andaa vyote mezani: kanula mbili za geji 24 (geji ni kipimo cha unene), zile za njano, (ya buluu, geji 22, kwa mtoto mkubwa kidogo), plasta zilizokwisha kukatwa, ubao wa kufungia mkono, na bomba la sindano la ml 2 lenye maji ya chumvi ya 0.9%. Plasta ikatwe kabla. Kanula nyingi hupotea wakati muuguzi ameshika kanula kwa mkono mmoja na kuhangaika na plasta kwa mkono wa pili.

Mfunge mtoto kwa kanga, uache nje kiungo kimoja tu. Wapo wanaomtoa mama nje. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyetulizwa kwa titi analia kidogo, na mama akiwa karibu kichwani wewe unafanya kazi chini. Msaidizi aushike mkono juu ya kiwiko na kuubana kwa kiganja chake. Kwa mtoto mdogo hiyo inatosha kuliko mpira. Mapigo ya damu chini ya hapo yasipotee, yakipotea umebana ateri na mshipa hautajaa. Paka spiriti, subiri ikauke nusu dakika, na usipapase tena.

Sasa fika pale unapopotezea mishipa yako. Vuta ngozi kwa kidole gumba ili mshipa usiteleze. Ingia kwa mlalo, nyuzi 10 hadi 15 tu, tundu la sindano likitazama juu, na uende polepole mno. Kwa mtoto aliyekaukiwa maji damu huchelewa kuonekana. Ukikimbia utakuwa umetoboa ukuta wa pili kabla haijafika. Ukiiona damu, simama. Ncha ya chuma imetangulia mbele ya plastiki, kwa hiyo damu inakuambia chuma kimeingia, plastiki bado iko nje ya mshipa. Ukiisukuma plastiki wakati huo, inausukuma ukuta wa mshipa pembeni na uvimbe unatokea papo hapo. Laza kanula karibu igusane na ngozi, songa mbele milimita 1 au 2, chuma na plastiki pamoja, ndipo ukishike chuma kisisogee, uisukume plastiki peke yake hadi mwisho. Na chuma kikishatoka nusu, usikirudishe ndani hata kwa bahati mbaya, kinaweza kukata kipande cha plastiki kikabaki kwenye mshipa.

Mwachie msaidizi aulegeze mkono, kisha ingiza maji ya chumvi nusu ml taratibu huku kidole chako kikiwa juu ya ncha. Ngozi ikivimba, toa. Ikibadilika kuwa nyeupe ghafla na damu inarudi nyekundu yenye kudunda, umeingia kwenye ateri: toa, bana dakika tano. Maji yakikataa kupita, usilazimishe. Kwa mtoto aliyekaukiwa, damu huganda ndani ya kanula upesi, ndiyo sababu bomba liwe tayari mkononi.

Kufunga kuna kazi yake. Vidole vyote vionekane, na ncha ya kanula isifunikwe kwa bandeji nene. Mguse kila saa: pakiwa baridi, pamevimba au analia ukisukuma dawa, dripu iko nje ya mshipa. Maji ya chumvi yakivuja yatanyonywa, lakini kalsiamu, potasiamu au dekstrosi (maji ya sukari) ya 50% vinaweza kuua ngozi ya kiganja kizima.

Jaribu mara mbili, usizidi. Ukikosa, mwite mwingine, aje na jicho jipya. Na kama mtoto yuko kwenye mshtuko, usisubiri hata hizo mbili ziishe kwa kusuasua. Nenda kwenye mfupa, yaani utie sindano ya mfupa na kupitishia maji humo. Ni upande wa ndani wa goko, pale palipo bapa, sentimita 1 hadi 2 chini ya kile kinundu cha chini ya goti. Sindano isimame wima, ikielekea kidogo upande wa mguu ili isiguse sehemu ya mfupa inayokua. Zungusha huku ukibonyeza mpaka usikie imeachia ghafla. Ikisimama yenyewe bila kushikwa, umefika. Maji yasukume kwa bomba, yakiachwa yadondoke yenyewe yanakwenda pole mno, na uupapase msuli wa nyuma ya goko kama unavimba. Mfupa uliovunjika usiutoboe. Mshipa ukipatikana, itoe, maana ikikaa sana inaalika maambukizi kwenye mfupa.

Njia ikipatikana, hesabu kabla ya kufungua. Mtoto wako wa miezi minane mwenye kilo 8, aliyekaukiwa vibaya kwa kuhara, anapewa Ringa, maji ya dripu yenye chumvi, ml 240 saa ya kwanza, halafu ml 560 kwa saa tano. Mshipa ukikosekana kabisa na yuko mbali na msaada, mpira wa kupitishwa puani hadi tumboni na ORS ml 160 kila saa kwa saa sita humshikilia. Lakini mwenye homa kali na mikono baridi bila kuhara ni habari nyingine: utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ukatangazwa 2011, ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi. Huyo usimfungulie dripu kwa kasi kwa sababu tu umepata mshipa.

Leo ukiingia zamu, fungua droo ya dharura uniandikie kuna sindano ngapi za mfupa na kama kanula za njano zipo za kutosha wiki nzima. Kama hakuna sindano ya mfupa, mwambie msimamizi wa wodi aiandike kwenye oda ya mwezi huu, usiache hadi mwezi ujao.

Wasalimie nyumbani.

Mwenzako wa wodini