Shukrani kwa mama wa jukwaa la mzunguko, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma

Mama uliyekaa nyuma yetu Dodoma Jiji wakicheza, asante sana. Upepo wa Juni huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua likishazama haumwonei mtu huruma, na mwanangu alivaa fulana tu. Ulimfunika shuka lako, ukakunja boksi ukamwekea akalie: “Saruji nayo inanyonya joto, baba, si upepo peke yake.” Kisha ukammiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, ukaipuliza kwanza. Meno yakaacha kugongana, akaanza kushangilia tena! Umati ukatutenganisha langoni kabla sijakuuliza jina. Shuka lako ninalo, nimeshalifua. Mechi ijayo ya nyumbani nitakuwa palepale, njoo ulichukue. Mungu akubariki mno, mama.