Namba tatu imegoma

Ndugu yangu,

Salaam. Huku wazima, nawe natumai hujambo. Nimekaa kimya tangu ile harusi, na najua utasema nakukumbuka nikiwa na shida tu. Kweli, nina shida. Ni gari.

Likisimama linatetemeka. Ukikanyaga mafuta linatulia kana kwamba si lenyewe. Ukiachia, usukani unacheza, vioo vinacheza, na shemeji yako pale kiti cha mbele ananitazama bila kusema neno. Fundi Mrefu alikuja na bisibisi yake, akapandisha silensi (kasi ya injini bila kukanyaga mafuta) kutoka mizunguko 800 hadi 1,100 kwa dakika, akanawa mikono, akaenda zake. Kutetemeka kumepungua, ila sasa nikiingiza gia ya D, ya kwenda mbele, gari linaruka kama limechomwa sindano. Huko si kutibu, ni kumfunika mgonjwa blanketi.

Nikaamua kuhangaika mwenyewe. Injini ikiwaka, nikachomoa waya za plagi moja moja (kwa koleo lenye mpira, ile shoti iliyokurusha sijaisahau). Silinda namba 1, 2 na 4, ukichomoa tu injini inataka kuzima. Namba 3, chomoa, rudisha, wala haijali. Nikabadilishana plagi na waya kati ya 3 na 2, ugonjwa haukuhama. Nikapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa: 165, 160, 158, 162, zote karibu sawa. Nikashangilia! Nikasema basi ni upepo unaoingia kwa wizi, ama kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) ama mpira wa busta ya breki. Kuutafuta upenyo, nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta pale karibu na 3, injini ikatulia sekunde mbili. Nikarudia, hakuna badiliko. Nikarudia tena, hakuna badiliko. Na usinifokee habari za moto, mtungi wa kuzimia ulikuwa pembeni.

Hapo nimekwama wiki mbili. Mpira wa busta nimebadilisha, gasketi naiogopa, zile nati za chini zina kutu kama meli iliyozama.

Sasa ngoja. Ndiyo kwanza naliona hili nikiwa nakuandikia. Kompresheni niliipima asubuhi, injini baridi. Na gari likiwa baridi halitetemeki! Linaanza likishapata moto. Huenda ni choki tu, inaongeza mafuta asubuhi na kuuficha ule upepo. Lakini pia huenda valvu ya egzosi (mlango wa kutolea moshi) ya namba 3 imebanwa mno, haikuachiwa nafasi ya kutosha: ikipata moto inarefuka, haikai sawasawa kwenye kiti chake, kompresheni inavuja. Ukikanyaga mafuta inakosa muda wa kuvuja, ndiyo maana injini inatulia. Na valvu hizo, ndugu yangu, mara ya mwisho ziliwekwa na nani?

Sikulaumu. Mimi nilishika tochi, na niliishika vizuri.

Ndiyo maana naomba ile geji yako ya vakyumu, ya kupima injini inavyofyonza hewa, kabla sijagusa nati hata moja. Mshale ukitulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, basi nimekosea yote. Ukitulia chini ya hapo, nitaiamini gasketi. Ukirukaruka kwa mpigo, tutafungua kava ya valvu, mimi na wewe, na sitasema kitu. Nitajitahidi.

Jumamosi una nafasi? Ile siku ulipima valvu injini ikiwa ya moto au imepoa? Unakumbuka egzosi uliiachia nafasi ya milimita ngapi, au ulikisia kwa kidole kama kawaida yako? Kompresheni niipime tena ikiwa na moto, au nikungoje? Mama magoti vipi? Na lile koleo langu la mpini mwekundu, si liko kwako?

Wako,
mshika tochi