Opampu ya fotodaiodi ichaguliwe pia kwa mkondo wa tokeo

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe vijana wanaonunua vipuri Luthuli Avenue kwamba katika saketi ya fotodaiodi (kipuri kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme) na opampu (kikuza ishara), mkondo wote unaozalishwa na mwanga hupita kwenye rizista ya mrejesho, ile inayounganisha tokeo la opampu na ingizo lake, na ni tokeo la opampu linalopaswa kuubeba, pamoja na ule unaohitajiwa na kifaa kinachofuata. Wengi huangalia tu mkondo mdogo wa ingizo, ambao kweli ni muhimu kwa mwanga hafifu.

Nilipopima jua la saa sita mchana juu ya paa, fotodaiodi pana ilitoa miliampea 10 kupitia rizista ya omu 330, nami nikatarajia volti 3.3, opampu niliyokuwa nimeichagua kwa kutunza betri ikashindwa kubeba mkondo huo, na usomaji ukaganda hata nilipoikinga fotodaiodi nusu kwa kiganja.

Tafadhali wasidanganywe na mkondo wa shoti (ule unaotoka tokeo likiunganishwa moja kwa moja na ardhi) ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kwa kuwa volti ya tokeo hushuka sana kabla ya kuufikia. Wasome grafu ya volti ya tokeo dhidi ya mkondo, kisha wachague opampu inayobeba walau maradufu ya hesabu yao.

Fundi wa elektroniki,
Nairobi